Mgeni Arobaini na Moja

Kwa maelezo ya Mama Redio, jirani wa chumba kinachotazamana na cha akina Profesa, Profesa alishambuliwa Jumamosi saa tisa alasiri, mchana kweupe, akiwa ameketi barazani kwake na viatu amevivua. Hakushambuliwa na mtu, anasema. Ilikuwa mashine. Mashine hiyo imefungwa ng'ambo, katika jumba lisilo na madirisha, na kazi yake ni kutafuta watu wenye akili duniani na kuwamaliza mmoja mmoja kupitia simu. Mama Redio alikuwa anaanua nguo, akaona kwa macho yake mawili kioo cha simu kikigeuka chekundu, Profesa akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari, kisha akamimina chai yote iliyobaki ndani ya kiatu chake. "Akakivaa," humalizia Mama Redio kila anaposimulia, na hapo hunyamaza kidogo ili kiatu kile kikuingie vizuri.

Mengi katika maelezo hayo ni kweli. Chai ilimwagika, ingawa ilikuwa kidogo, na kiatuni iliingia yenyewe. Sauti ilitoka. Kuhusu mashine ndiko Mama Redio alikoteleza, maana aliyemshambulia Profesa alikuwa hatua nne nyuma yake, ndani, amesimama mbele ya meza ya kulia chakula, mkono mmoja unapiga pasi shuka la mama yao na mwingine umeshika simu. Jina lake la nyumbani ni Kimya.

Kimya ni mdogo wake Profesa, tumbo moja, ziwa moja. Aliitwa hivyo kwa sababu akiulizwa jambo hutazama kwanza, na watu wengi hawana subira ya kungoja mtu amalize kutazama. Profesa naye si profesa. Ni karani wa masjala kwenye ofisi ya maji, mwaka wa sita sasa, na jina alipewa na wenzake kwa sababu hawezi kukuambia ni saa ngapi bila kukueleza kwanza saa ni nini.

Sataranji, Kimya alifundishwa na kaka yake huyo. Wakati huo Kimya alikuwa darasa la tano. Bodi ilikuwa ubavu wa katoni uliochorwa kwa mkaa, askari walikuwa vizibo vya soda, na mfalme alikuwa betri iliyokufa. Kaka alimfundisha kwa kuwa alihitaji mtu wa kumfunga. Akamfunga miaka miwili mfululizo, kila mara akimweleza amekosea wapi, na Kimya akawa anatazama. Kisha ukafika mwaka ambao mmoja alitakiwa kuendelea na shule na mmoja kubaki, na nyumba yenye uwezo wa mmoja huwa haipigi kura. Kaka aliondoka na sanduku la bati. Dada alibaki na katoni.

Tangu hapo Profesa amesoma vitabu vya sataranji visivyopungua vinne, na kauli yake ni moja. "Mchezo huu unataka kisomo, mdogo wangu. Ungesoma ungeuelewa."

"Ndiyo, kaka," hujibu Kimya, na kumwongezea mchuzi.

Mwaka huu Profesa alianzisha ukumbi wa sataranji mtandaoni kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi yao. Michezo ni ya haraka: kila mchezaji ana dakika zake tatu, zikiisha umefungwa, hata kama bodini ulikuwa sultani. Saa ya chakula cha mchana watu huingia, na ukumbi wenyewe huwapanga wawili wawili bila kuuliza nani anamtaka nani. Siku ya kufungua, Profesa alituma mwaliko, na kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa na furaha, aliutuma kwenye kundi la ukoo badala ya kundi la ofisi. Shangazi mkubwa akajibu, "Amina, tumepokea." Mjomba akatuma picha ya maua. Binamu mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi. Profesa aliufuta ujumbe baada ya dakika nne na kuomba radhi, lakini watu waliendelea kumpa pole kwa siku mbili.

Katika hizo dakika nne Kimya alikuwa ameshagusa linki. Ukumbi haukumwuliza jina. Ulimpa namba tu: Mgeni 41.

Sasa hapa lazima ieleweke kazi ya Kimya, maana bila hiyo mtu anaweza kuishia alikoishia Mama Redio. Yeye ni mpiga pasi katika karakana ya sare za shule, na sehemu yake hasa ni kola. Ndani ya kola ya shati huwekwa kitambaa kigumu chenye gundi, hukandamizwa kwa pasi ya moto, kisha kola hulazwa chini ya ubao mzito mpaka ipoe. Ukiigusa kabla haijapoa huvimba mapovu, na kola yenye mapovu haina dawa. Fungu moja hupoa kwa dakika tano. Katika dakika hizo mpiga pasi haruhusiwi kuondoka mezani wala kuketi, na pasi yenyewe haruhusiwi kuiachia, kwa sababu inaning'inia kwa mpira wa mvuke utokao darini, na ukiiachia hujiendea kutafuta mtu. Basi mkono wa kulia ni wa pasi. Lakini hakuna sheria iliyowahi kubandikwa ukutani kuhusu mkono wa kushoto.

Simu hukaa kwenye kiganja hicho. Na kidole gumba cha kushoto, ukikilaza kwenye kioo bila kukilazimisha, huangukia askari wa pili kutoka kushoto, yule anayesimama mbele ya farasi. Kimya huanza na huyo, hatua mbili mbele. Akipewa weupe ni huyo, akipewa weusi ni huyo. Nyuma yake hubaki uwazi, na askofu hujisogeza hapo akawa anaichungulia bodi nzima kwa mshazari, kama mtu aliyetoboa ukuta wa jirani. Baada ya hapo kila mwenye miguu hutoka kwenda kumtafuta mfalme wa mwenzake, kwa sababu kola zinapoa. Kujilinda ni kwa watu wenye nafasi. Kimya hutoa farasi, hutoa ngome, ikibidi hutoa malkia, alimradi mwenzake ashtuke aanze kufikiri. Katika mchezo wa dakika tatu, mtu akishaanza kufikiri, mengine ni taratibu za mazishi.

Kwa hiyo mwanamke ambaye anaweza kungoja maji ya bomba kuanzia alfajiri hadi saa tano bila kuguna, bodini ni moto wa kifuu.

"Umeua tena?" huuliza Fundi Vifungo, mama mtu mzima anayeketi mkabala na meza ya kola. Huuliza bila kuinua uso kwenye sindano.

"Amekufa mwenyewe. Saa imemla."

"Ni yule yule?"

"Yule yule."

"Kaka mtu."

"Kaka mtu."

"Mungu akusamehe. Lete kola."

Ndani ya wiki mbili Mgeni 41 alimfunga Profesa mara tisa. Profesa alifungua daftari. Juu yake aliandika MGENI 41 kwa herufi kubwa, akapiga mstari kwa rula, na kila jioni baada ya kula alilifungua mezani kati ya sahani akamweleza mama yao, ambaye hajui hata farasi anaendaje.

"Vitabu vyote vinasema shika katikati ya bodi," alisema. "Vyote. Huyu anaanza pembeni. Kwa nini? Anakuachia katikati makusudi, ili uipende. Ni dharau, lakini ni dharau ya kisomi."

"Si umfunge tu?" alisema mama.

"Mama, nipo kwenye uchambuzi."

"Labda huko pembeni ndiko anakofika," alisema Kimya.

Profesa alimtazama kwa huruma. "Kwenye ngazi ile, mdogo wangu, mtu hafiki. Mtu anachagua."

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Profesa alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekuta katika kitabu cha tatu ukurasa mzima unaoonyesha jinsi ya kumwadhibu mtu wa mwanzo wa namna ile. Mgeni akamsogeza askari wake wa pembeni, Profesa akamla, maana kitabu kilisema ale. Mgeni akala askari wa katikati. Profesa akamficha mfalme nyuma ya ngome, kama mtu mwenye adabu. Mgeni akatupa farasi, Profesa akala. Akatupa ngome, Profesa akala. Kufikia hapo Profesa alikuwa na vipande vya kutosha kufungua duka, na malkia wa Mgeni alikuwa amesimama mlangoni kwa mfalme wa Profesa, askofu yuko nyuma anamwangazia njia. Palikuwa na hatua moja tu ya kujiokoa. Profesa aliijua. Alikumbuka hata kwamba ilikuwa upande wa kushoto wa ukurasa, chini ya picha. Alipokuwa anajaribu kukumbuka picha ilikuwa ya nini, muda ukamwishia, kioo kikawa chekundu, na kiatu kikapata chai.

Jumapili Profesa akatangaza kwamba Mgeni 41 si mtu. Ama ni mashine, ama ni mtu anayesomewa majibu na mashine. Mama Redio alilipata neno hilo kwenye foleni ya bomba, na kufikia mchana lilikuwa limeshajengewa jumba lisilo na madirisha.

Profesa hakuishia kulalamika. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi, na alikuwa na barua ya kuandika. Aliiandika pale pale mezani, kisha akamwita Kimya aisikilize, kwani barua ndefu hupenda sikio lisilojibu.

"'Kwako Mgeni 41,'" alisoma. "'Wanachama wana mashaka na uchezaji wako. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, mbele ya ukumbi, sababu za kuanza mchezo kinyume cha kanuni zote zijulikanazo, na sababu za kushambulia bila kujilinda. Usipofanya hivyo hadi Jumanne saa saba mchana, utafukuzwa.' Unaonaje?"

Kimya alitazama kwanza. "Hapo mwisho. Andika ataombwa kutoka. Ni mgeni."

Profesa akafikiri, akafuta, akaandika upya. "Una busara yako ya asili," alisema.

Jumatatu, kwenye meza ya kola, Kimya hakucheza. Alimtazama tu yule Mgeni 41 kwenye orodha ya ukumbi, wa kwanza kutoka juu, juu ya mhandisi wa pampu, juu ya mkuu wa masjala, juu ya kaka yake. Karakana walimwita "wewe wa pasi." Nyumbani aliitwa akihitajika. Lakini alipoingia mle ukumbini watu wenye vyeti waliandika, "Kaingia, kaingia," na mhandisi wa pampu, mtu anayesemekana kusimamia mabomba ya mji mzima, aliwahi kutoka mchezoni akisingizia kikao. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kusimama na kufikiri kwa sababu ya jambo alilofanya yeye. Mlango ule ukifungwa, haufunguliwi tena; mwaliko hautumwi kwa ukoo mara mbili.

"Danganya," alishauri Fundi Vifungo. "Sema ulisoma ng'ambo."

"Wataniuliza wapi."

"Sema ni siri."

"Hapana," alisema Kimya. "Nitawaambia ilivyo."

Jumanne, saa saba kasoro dakika kumi, fungu la kola likiwa chini ya ubao, aliandika herufi moja moja: "Mkono wa kulia umeshika pasi. Kidole gumba cha kushoto kinafika hapo tu. Nakimbilia mfalme kwa sababu kola zinapoa."

Akasoma. Hapakuwa na uongo. Akatuma.

Fundi Vifungo alinyoosha shingo akasoma naye, midomo ikitembea. "Basi umejitaja," alisema. "Kaka yako ana wadogo wangapi wapiga pasi?"

"Mmoja."

"Atakuua au atakucheka?"

"Kucheka ni kubaya zaidi," alisema Kimya, akaizima simu.

Jioni alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akipanga maneno. Angeanza na samahani. Angesema hakukusudia, ila hilo lilikuwa uongo, alikusudia kila mara. Angesema basi, kaka, ulinifundisha mwenyewe. Alifika mlangoni na maneno yote yakiwa kwenye foleni, akamkuta Profesa amesimama barazani, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Amejibu," alisema.

"Amesema nini?"

"Kaa chini kwanza."

Kimya alikaa. Profesa hakukaa, alitembea barazani, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, daftari mkononi.

"'Mkono wa kulia umeshika pasi.' Unaelewa? Mkono wa kulia ni mkono wa nguvu. Hauko bodini. Ameuweka akiba. Ndiyo maana anatoa vipande hivi hivi. Nguvu yake haimo kwenye vipande. Na pasi ni nini? Ni moto na uzito kwa pamoja. Shinikizo. Hilo mhandisi wa pampu ndiye aliyeliona, ameandika ukurasa mzima. Sasa sikia hili la mwisho: 'kola zinapoa.' Kola inakaa wapi?"

"Shingoni," alisema Kimya.

"Shingoni kwa nani?"

Kimya alitazama daftari.

"Kwa mfalme," alisema Profesa polepole. "Shambulio likipoa, shingo inaponyoka. Mkuu wa masjala anasema aliwahi kusoma kitu kama hicho, ila hakumbuki wapi. Tumepiga kura. Kura zote ni abaki."

Kimya alikuwa na harufu ya gundi nywele hadi viatu. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na alama nyekundu ya mpini, safi kama muhuri. Akaviweka viganja vyote viwili mapajani, vikiwa wazi.

"Kaka, labda ni mtu anapiga pasi tu."

Profesa alicheka, cheko la upendo kabisa, akampigapiga begani. "Ndiyo maana nasema kisomo. Asiyesoma akiona pasi, anaona pasi."

Mama Redio alikuwa ameshavuka ua kwa hatua za mtu anayefuata kuku. "Kwa hiyo si mashine?"

"Ni mtu, jirani. Tena mtu mzito."

"Mzito wa vipi? Wa serikalini?"

"Wa fikra."

"Ahaa," alisema Mama Redio, akarudi kwake haraka, maana habari ilikuwa bado ya moto na vyumba vilikuwa vingi.

Kimya angeweza kushukuru Mungu na kuishia hapo. Mlango ulibaki wazi. Hakuna aliyecheka. Lakini usalama ule haukumtosha. Alikuwa amesema ukweli mtupu mbele ya watu hamsini, na ukweli ukapokelewa kwa heshima zote, isipokuwa yeye hakuwemo ndani yake.

Walipokwisha kula, Profesa hakufungua daftari. Alikaa ameinamia simu. Ijumaa, kila mtu nyumbani alijua, ofisi ya maji ilikuwa inashindana na ofisi ya umeme ana kwa ana, bodi za mbao, saa za kubonyeza, na viti vya wageni vimeazimwa. Kanuni ya tatu ya ukumbi ilisema kwamba anayeongoza orodha ndiye atakayekaa meza ya kwanza. Kanuni hiyo aliiandika Profesa mwenyewe, wakati anayeongoza orodha alikuwa Profesa mwenyewe, na shati la siku hiyo lilikuwa limeshachaguliwa.

"Si uwaambie yeye si mfanyakazi wenu?" alisema mama. "Kiti ukae wewe."

"Ningeweza," alisema Profesa. "Mkuu wa masjala naye kasema hivyo hivyo." Kisha sauti yake ikashuka, haina maelezo ndani yake, sauti ambayo Kimya hakuwa ameisikia tangu siku za vizibo vya soda. "Mama, miaka sita natafutia watu mafaili. Hakuna siku mtu amekuja pale dirishani akanifanya nitamani kujua zaidi. Huyu amenifunga mara kumi, na kila mara nimetoka nataka kurudi. Sitaki kumshinda tena. Nataka nimwone, nimpe mkono, nikae pembeni yake nitazame anavyofanya."

"Na akiwa mtu wa ovyo tu?" alisema Kimya.

"Hawezi kuwa."

"Akiwa mtu ambaye wenzako wakimwona watakucheka wewe?"

Profesa aliinua uso. Ilionekana swali hilo halimo kwenye kitabu chochote kati ya vinne. "Watacheka," alisema. "Sijui. Nadhani nitaumia. Kisha nitataka aanze kucheza."

Akaandika. Aliandika kwa haraka, bila kusoma kwa sauti, na simu iliyokuwa mapajani mwa Kimya, chini ya meza, ikatikisika mara moja. Kimya aliitazama bila kuinamisha kichwa.

"Ndugu Mgeni, Ijumaa saa nne asubuhi, ukumbi wa ofisi ya maji, ghorofa ya chini. Meza ya kwanza ni yako. Sijali wewe ni nani. Nakuomba uje."

"Amesoma," alisema Profesa. Mama akaacha kukusanya sahani. Wote wawili wakaitazama simu ya Profesa iliyolala katikati ya meza, na Kimya akaitazama pia, maana asiyeitazama angeonekana.

Ilipita dakika. Kwenye kioo pakatokea maandishi madogo ya kijivu: Mgeni 41 anaandika.

"Anaandika," alinong'ona Profesa, kana kwamba mtu angeweza kushtushwa na sauti.

Maandishi ya kijivu yakakaa. Yakapotea. Yakarudi.

"Mbona anachukua muda?" alisema mama. "Si ulisema ni mtu wa haraka?"

"Mwache, mama," alisema Profesa. "Anafikiri."

Maandishi yakapotea tena. Profesa alivuta kiti karibu na meza, akaweka viwiko viwili mezani, akangoja.